Ndege ya mwendo wa kasi na dhamana ya wazazi

Ipo methali ambayo kila mtoto wa Kiswahili huisikia kabla hajajua kufunga kamba za viatu vyake: haraka haraka haina baraka. Nyumbani kwetu, katika mji wa Leicester nchini Uingereza, methali hiyo imetamkwa mwaka huu mara nyingi kuliko katika miaka kumi iliyotangulia. Aghalabu imetamkwa na bibi yao watoto, ambaye tunaishi naye, na aliyeambiwa ni mjukuu wake wa miaka 16, akiwa ameinamia meza ya jikoni na kulehemu nyaya za ndege ndogo ya umeme.

Ndege hiyo haina rubani wala abiria. Mabawa yake, kutoka ncha hadi ncha, yana urefu wa sentimita 90, na uzito wake pamoja na betri ni gramu 850, pungufu ya kilo moja ya sukari. Huongozwa kwa mawimbi ya redio na mtu aliyesimama chini na rimoti mikononi. Ikipewa nguvu zake zote hupita mbele ya macho kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 140 kwa saa, nao ni mwendo ambao gari haliruhusiwi kuufikia katika barabara yoyote ya nchi hii.

Ndugu zetu wa Tanga na Dar es Salaam walipoziona picha walituuliza maswali mawili. La kwanza lilihusu gharama. La pili lilikuwa zito zaidi: ni mzazi gani anayemkabidhi kijana wa umri huo chombo cha kasi namna hiyo? Tumeona tulijibu mbele ya wasomaji wote, kwa kuwa wazazi wengi wanaulizwa swali lilelile kwa sura nyingine, iwe ni juu ya pikipiki, simu au safari ya mbali. Kila zama huja na chombo chake, na kila kijana hukitaka kile kinachokwenda mbio kuliko vingine.

Tuanze na sheria, maana ndiyo iliyotufanya tukae chini sisi wawili na kulitafakari jambo hili kwa dhati. Tangu tarehe 30 Novemba 2019, mtu anayerusha ndege ya mfano yenye uzito kama wa hii nchini Uingereza hana budi kujiandikisha kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Namba zinazotolewa ni mbili. Ya kwanza ni ya mrushaji, na hata mtoto anaweza kuipata akifaulu mtihani wa maswali 40, ambamo hana budi kupata angalau 30. Ya pili ni ya mwenye dhamana ya chombo, na hiyo hapewi mtu aliye chini ya miaka 18. Namba ya pili ndiyo inayobandikwa kwenye ndege. Kwa maneno mengine, kijana huruka kwa ujuzi wake, lakini huruka kwa jina la mzazi wake. Chombo kikimdhuru mtu, au kikirushwa pasipostahili, anayetafutwa kwanza ni yule ambaye namba yake imo ubavuni mwa ndege.

Wasomaji walioko nyumbani wasidhani kwamba hayo ni ya Uingereza peke yake. Tanzania na Kenya nazo zina kanuni zinazohusu vyombo virukavyo bila rubani, na anayetaka kurusha chochote hana budi kuuliza kwa mamlaka ya anga kabla ya kununua, si baada ya kukamatwa.

Kijana wetu hakuanza na ndege ya kasi. Tuliposhauriana tulimwekea sharti moja: hatapewa ruhusa ya mbio kabla hajaonyesha kwamba anaweza kwenda taratibu. Tukampeleka katika klabu moja iliyo nje ya mji, inayokodi kiwanja cha nyasi kwa mkulima. Klabu za namna hiyo ni nyingi hapa, na chama chao cha taifa, BMFA, kilianzishwa mwaka 1922 kikiwa na jina jingine. Uanachama wake huja pamoja na bima ya madhara yanayoweza kumpata mtu mwingine, jambo lililotutuliza moyo kidogo.

Hapo alimkuta mzee mmoja mstaafu wa reli, mwenye subira ya mvuvi wa ndoana. Mzee huyo humfundisha mwanafunzi kwa rimoti mbili zilizounganishwa. Mwanafunzi hushika moja, mwalimu hushika nyingine yenye swichi, na ndege ikianza kwenda kombo mwalimu huirudisha mikononi mwake kwa kidole kimoja. Kwa miezi minane kijana alirusha ndege ya mafunzo yenye mabawa mapana juu ya mgongo, ambayo ukiiachia usukani hujinyoosha yenyewe na kuendelea polepole kama korongo.

Kisha akafanya mtihani wa cheti cha kwanza cha chama. Humo mrushaji hutakiwa kukagua chombo mbele ya msahihishaji, kuruka, kuchora namba nane angani, kutua kwa utaratibu, kutua tena kana kwamba injini imezimika, na kujibu maswali ya usalama. Tunamwomba msomaji auweke akilini huo mtihani wa kutua bila injini.

Cheti kilipopatikana, kijana alileta ombi lake kwa adabu, likiwa limeandikwa kwenye karatasi pamoja na hesabu. Alikuwa amejiwekea fedha kwa kusaidia dukani kila Jumamosi, na gharama yote, kwa vifaa vipya na vya mkono wa pili, ilifika pauni 190. Bibi alipoisikia akasema, "Hizo ndizo pesa za kutupa hewani, na wewe unazitupa kweli." Kijana akacheka, lakini hakumjibu. Akamwonyesha hesabu.

Ama kwa hakika, hesabu ile ilitushangaza hata sisi tuliodhani tunanunua mchezo. Mota ya ndege hii haina brashi, na imetengenezwa ili kila volti moja iizungushe mara 2,200 kwa dakika. Betri yake ina seli nne za lithiamu, kila seli volti 3.7, jumla volti 14.8. Zidisha, utapata mizunguko 32,560 kwa dakika ikiwa mota haina mzigo. Ukiifunga rafadha, ambayo mafundi wengi huiita propela, hewa huizuia na mizunguko hushuka hadi kiasi cha 24,000. Rafadha aliyoichagua ina mkunjo wa inchi 5.5. Maana yake, kama hewa ingekuwa mbao na rafadha ingekuwa skrubu, kila mzunguko ungeisogeza ndege mbele karibu sentimita 14. Sentimita 14 mara 24,000, kisha mara dakika 60, ni zaidi kidogo ya kilomita 200 kwa saa. Bila shaka hewa si mbao, nayo ndege ina mwili unaokwaruzana na upepo, kwa hiyo mwendo halisi huwa pungufu ya huo. Lakini kwa kujua hesabu hiyo kijana alielewa kasi inakotoka, na akaelewa pia kwamba haipatikani bure.

Kwa nguvu zote mota hiyo hunywa ampea 40 hivi. Zidisha kwa volti 14.8, utapata karibu wati 600, nguvu iliyobanwa ndani ya kitu kinachoenea kwenye kiganja. Betri yenye ujazo wa ampea-saa 2.2 ikikamuliwa namna hiyo huisha kwa dakika tatu na sekunde chache. Alipoifikia hesabu hiyo bibi aliweka miwani mezani akauliza, "Wiki zote hizi, kwa dakika tatu?" Tukamjibu kwamba ndiyo, na kwamba akipunguza nguvu kwa busara atapata nne.

Hapo zamani jambo hili halikuwezekana. Ndege ya kwanza ya redio iliyorushwa kwa umeme na kuwekwa katika kumbukumbu rasmi ilirushwa hapahapa Uingereza tarehe 30 Juni 1957, na Kanali H. J. Taplin. Ndege yake iliitwa Radio Queen, na betri zake zilikuwa za fedha na zinki. Kwa miaka mingi baada ya hapo watu waliamini kwamba umeme ni wa ndege za polepole na kwamba kasi ni ya mafuta. Betri za lithiamu na mota zisizo na brashi ndizo zilizoipindua imani hiyo. Lakini nguvu iliyoletwa na betri hizo imekuja na hatari yake, na hapo ndipo sisi wazazi tulipoweka mguu chini.

Betri ya lithiamu ya aina hii ni laini, haina ganda la chuma. Ikitobolewa, ikijazwa kupita kiasi au ikivimba na kuendelea kutumiwa, huweza kuwaka kwa moto mkali na moshi wenye sumu. Kwa hiyo tuliandika masharti, tukayabandika mlangoni. Betri hukaa nje, bandani, ndani ya sanduku la chuma. Hujazwa juu ya vigae, kwa chaja inayosawazisha seli zote, kwa ampea 2.2 na si zaidi, kazi inayochukua kama saa moja. Muda wote huo mtu huwa macho karibu nayo, na hakuna kujaza usiku watu wakiwa wamelala. Seli moja haivuki volti 4.2 ikijaa, na ndege hutua kabla haijashuka chini ya volti 3.5. Betri isiyotumiwa kwa siku kadhaa huachwa katika volti 3.8, haijai wala haikauki. Ikivimba inaaga, inapelekwa mahali pa kukusanyia taka za umeme. Wazazi wenzetu wenye baiskeli na pikipiki za umeme ndani ya nyumba wanaweza kuyaazima masharti haya, maana kemia ni ya ukoo mmoja.

Kazi ya kuunda ilichukua majuma kumi na moja ya majira ya baridi. Tulikuwa tukimtazama, na mara nyingine kumshikia taa. Tuliona mambo ambayo hatukuyatarajia kwa kijana ambaye chumba chake hakipangiki. Kila sehemu ya kulehemu aliikagua kwa kuivuta. Mota aliijaribu kwanza bila rafadha, kwa sababu ndege ya umeme haina mlio wa kuonya. Ikishaunganishwa na betri huwa hai, na kuguswa kimakosa kwa rimoti hutosha kukata vidole. Hivyo akajifunza mpangilio usiobadilika: rimoti huwashwa kwanza, ndipo betri ya ndege iunganishwe. Mwishoni betri huchomolewa kwanza, ndipo rimoti izimwe. Alipima umeme kwa mita akapata ampea 41, ilhali kidhibiti mwendo chake kinahimili 60. Akatafuta pia kikomo cha mizunguko kilichowekwa na mtengenezaji wa rafadha, kwa kuwa rafadha ikizungushwa kupita kikomo chake huweza kupasuka, na kipande chake hutoka kama kisu kilichorushwa.

Kisha akaja kwenye mizani. Kila ndege, kubwa au ndogo, ina mahali pake pa uzito, na mahali hapo hapasameheki. Mchoro ulisema milimita 60 nyuma ya ukingo wa mbele wa bawa. Kijana aliinua ndege kwa ncha za vidole viwili katika alama hiyo, na mkia ukashuka. Akaisogeza betri mbele kwa milimita nane, hata ndege ikatulia kama mizani ya sonara. Warushaji wana msemo wao kwamba ndege yenye pua nzito huruka vibaya, bali yenye mkia mzito huruka mara moja tu.

Jioni hiyo tulimsimulia habari za Abbas ibn Firnas, mwanachuoni wa Andalusia wa karne ya 9. Mwanahistoria al-Maqqari, aliyeandika katika karne ya 17, anaeleza kwamba alijivika manyoya na mabawa, akajirusha, akaelea kwa umbali fulani, kisha akaumia mgongo wakati wa kutua. Sababu yake, kwa mujibu wa maelezo hayo, ni kwamba hakujua kuwa ndege wa porini hutua kwa kutegemea mkia, naye hakujitengenezea mkia. Leo shimo moja la mwezini lina jina lake. Kijana alisikiliza, kisha akaenda kukagua tena skrubu za mkia.

Mwendo wa kasi hudai usukani mdogo. Katika ndege ya mafunzo vipande vya mabawa vinavyoilaza ndege upande husogea sana. Katika hii aliviruhusu milimita tano tu, na kile cha mkiani kinachoinua na kushusha pua milimita tatu. Zaidi ya hapo, katika mwendo wa mita 40 kwa sekunde, kuguswa kidogo kwa kijiti kungeitupa ndege isikokusudiwa. Aidha alihakikisha kwamba viungo vyote havina ulegevu hata wa unywele, kwa kuwa ulegevu huzaa mtetemeko, nao mtetemeko katika kasi hung'oa bawa kabla mtu hajapepesa jicho. Mwisho aliweka kinga ya mawimbi: mawasiliano ya redio yakikatika, mota izime papo hapo. Aliijaribu akiwa ameondoa rafadha. Alizima rimoti, mota ikanyamaza.

Siku ya kwanza ilikuwa ya Aprili, upepo mdogo, mbingu kama maziwa yaliyochujwa. Yule mzee wa reli aliishika ndege chini ya tumbo, kijana akaipa nguvu, mzee akaisukuma mbele kwa mkono ulionyooka. Haikupaa kama tulivyozoea. Ilitoweka, kisha sauti yake ikafuata, mlio mwembamba mkali kama wa kitambaa kinachochanwa kutoka upande mmoja wa dunia hadi mwingine. Katika sekunde tatu ilikuwa mbali nasi mita 120, na mmoja wetu hakuweza tena kutambua kama inakuja au inakwenda. Kijana alitambua. Alikuwa ameipaka rangi ya machungwa juu na mistari myeusi na ya njano chini, ili kila inapolala upande ajue inaelekea wapi. Hakusema neno. Tulimtazama uso, tukaona utulivu ambao hatukuwahi kuuona akiwa na simu mkononi.

Tukasema moyoni kwamba sasa tumepata jibu la ndugu zetu. Lakini jibu lenyewe lilikuwa bado njiani.

Lilikuja Jumapili moja ya Juni. Kando ya kiwanja cha klabu hupita njia ya miguu ambayo kila raia ana haki ya kuitumia, na klabu huweka mtu wa kuitazama. Siku hiyo kijana alikuwa ameruka dakika tatu na nusu. Kengele ya rimoti ilikwisha kulia, mota alikuwa ameizima, na ndege ilikuwa ikishuka kimya kuja kutua, kama mita kumi kutoka ardhini. Ndege ya namna hii haina magurudumu. Huteleza kwa tumbo juu ya nyasi, na kwa kuwa ni laini mno haipunguzi mwendo kwa urahisi. Hapo mbwa wawili walipenya uzio wa miti, wakakimbilia katikati ya uwanja wa kutulia, na mama mmoja wa makamo akawafuata akiwaita. Mtazamaji alipaza sauti.

Fikiri, ndugu msomaji, alichobakiwa nacho kijana yule. Kwa mwendo wa kutua alikuwa na sekunde mbili au tatu. Angeweza kuiwasha mota na kupita juu ya kichwa cha yule mama, akitumaini kwamba betri iliyokaribia kuisha ingemvusha. Au angeweza kuipinda ndege upande wa pili, ambako hakukuwa na nyasi wala mtu, bali uzio mwingine mrefu wa miti ya miiba. Hakuna aliyemwambia afanye nini. Rimoti ilikuwa moja, na swichi ya mwalimu haikuwepo tena.

Aliipinda. Tulisikia kishindo kikavu, kama kijiti kikivunjwa kwa goti. Yule mama alikuwa ameshawakamata mbwa wake. Hakuona kitu. Alitupungia mkono, akasema asubuhi ni nzuri, na kijana wetu akamjibu kwa heshima kwamba ndiyo, ni nzuri sana. Alipokwisha kwenda ndipo kijana akatembea hadi kwenye miiba. Alichomoa betri kwanza, akaiweka mbali juu ya udongo mtupu na kuitazama kwa dakika nyingi kama inavimba. Ndipo akaligeukia bawa la kushoto, lililokuwa limepasuka hadi kwenye shina, na mhimili wa mota uliopinda.

Ndani ya gari mmoja wetu alimwuliza kwa nini hakuiwasha mota, ilhali majuma kumi na moja ya kazi yake yalikuwa yakienda mitini. Akajibu akitazama nje, "Kama betri ingekata, ingekata juu ya yule mama."

Hakusema zaidi, nasi hatukumwongezea. Baadaye usiku tulifanya hesabu yetu wenyewe, kwa namna aliyotufundisha. Gramu 850 katika mwendo wa mita 40 kwa sekunde hubeba nguvu ya pigo sawa na tofali la kilo mbili na nusu lililoanguka kutoka urefu wa mita 28 hivi, yaani kutoka ghorofa ya tisa. Wakati wa kutua mwendo huwa mdogo zaidi, na pigo huwa dogo zaidi, lakini mtu aliyepigwa usoni haulizi hesabu. Namba iliyokuwa ubavuni mwa ndege ile ilikuwa yetu, na aliyeilinda ni mtoto, tena kwa mali aliyoichuma mwenyewe.

Tuliporejea nyumbani bibi alikuwa mlangoni. Alikitazama kifurushi cha vipande, akamtazama mjukuu wake. Tulidhani itakuja methali. Badala yake aliuliza, "Huyo mama alijua?"

"Hapana, bibi."

"Basi," akasema, na akaenda kumpakulia chakula.

Wazazi wenzetu, hatuandiki haya ili kila mtu akanunue ndege. Wapo vijana ambao kasi yao iko katika mpira, ufundi wa magari au kompyuta, na wapo ambao umri au tabia yao bado haijaruhusu kitu chochote cha hatari. Tunachosema ni hiki: kijana anapoomba chombo cha kasi, mzazi asikimbilie kukataa wala kukubali. Aulize kwanza ni nani atakayemfundisha, naye ni mtu wa namna gani. Aulize sheria inasema nini, na ni jina la nani litakaloandikwa. Amtake aanze na cha polepole, na asimwondolee swichi ya mwalimu mpaka aone kwamba amejifunza kutua bila injini. Amwachie agharimie sehemu kwa jasho lake, maana mtu huheshimu kilichomgharimu. Na awepo. Sisi tulishinda Jumapili nyingi katika baridi ya uwanja ule tukiwa na chupa ya chai ya tangawizi, na yale tuliyoyaona kwa macho yetu hatungeyajua kwa kusimuliwa.

Kuhusu methali ya bibi, hatujaona sababu ya kuitangua. Katika mwaka mzima ndege ile iliruka kwa kasi dakika chache sana ukizijumlisha. Muda uliobaki wote ulikuwa wa kupima, kulehemu, kukagua, kusubiri upepo utulie na kusubiri betri ijae mbele ya mtu aliye macho. Ikiwa ipo baraka tuliyoiona, ilikuwa humo.

Sasa bawa jipya liko juu ya meza ya jikoni, na mhimili wa mota umeagizwa kwa fedha za Jumamosi. Bibi amekubali kushona mfuko wa kitambaa kizito wa kubebea mabawa. Ametoa sharti moja tu: betri isitiwe humo hata kwa dakika moja.